Naomba ushauri kuhusu moduli ya amplifaya ya daraja D
Ndugu zangu, ninaishi Kisauni, ambako joto la Februari huifanya amplifaya yangu ya daraja AB (aina ya kawaida, ambayo transista zake hubaki nusu wazi) isishikike, hata ikipiga taarabu kwa sauti ya chini. Nimeazimwa moduli ya daraja D yenye chipu ya TPA3116, ndogo kuliko kiganja, ambayo haipati joto sana kwa kuwa transista zake huwaka na kuzimika badala ya kubaki nusu wazi. Besi yake imenipendeza. Hata hivyo, kwenye spika zangu za omu 8 (kipimo cha ukinzani wake) sauti nyembamba zinachoma masikio, jambo ninalodhani linatokana na kichujio chake cha koili na kapasita, kinachosafisha umeme wa sauti kabla haujafika kwenye spika, na redio ya AM ya baba inakoroma kila ninapowasha moduli hiyo. Je, nibadilishe koili, au niifungie moduli ndani ya kisanduku cha chuma kwanza?