Nina maiti mmoja na mashahidi wanne wanaopingana: naomba ushauri wa skripti

Kalamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika skripti ya filamu ndefu ya mauaji, giza mwanzo mwisho, na nimekwama.

Kisa kwa ufupi: mkopeshaji pesa anakutwa amekufa kwenye ngazi za jengo la wapangaji, usiku, risasi kifuani, bastola pembeni. Mlinzi aliyekuwa nje getini anasema alisikia risasi mbili, kisha akaona mwanamume mwenye koti jekundu akitoka. Mpangaji wa ghorofa ya pili anaapa risasi ilikuwa moja na koti lilikuwa jeusi. Mke wa marehemu anasema hakukuwa na mtu mwingine, mumewe alijipiga mwenyewe. Wa nne ni binti yao wa miaka 12 aliyekuwa amejificha chini ya ngazi, naye anasema waliokuja walikuwa wawili. Mpelelezi anawahoji mmoja mmoja, na kila ushuhuda tunauona kwa mbinu rejeshi kana kwamba tupo pale.

Nimewapa watu rasimu waisome. Baadhi wanasema wakifika kwa shahidi wa tatu hawajali tena, kwa sababu kama kila mtu anadanganya hakuna cha kushika. Wengine wamemshuku mpangaji tangu anafungua mdomo, maana nimempa jasho na macho ya kukwepakwepa. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni hiki: je, ni haki kumwonyesha mtazamaji tukio ambalo halikutokea? Akija kugundua, si ataniona tapeli? Na mwisho wa filamu, ni lazima ukweli ujulikane?

Karibuni, na msinionee huruma.

Taa Moja

Mkuu, mimi ni mtu wa kamera, kwa hiyo nitasema ya taa tu. Hilo koti usilipoteze kwa kulifanya uongo. Ngazi zinapata mwanga kutoka wapi? Kama ni taa ya barabarani ya sodiamu, ile ya manjano ya zamani, inayoingia kwa dirisha la ngazini, basi umeokoka. Ile ya shinikizo la chini inatoa mwanga wa karibu urefu mmoja tu wa wimbi, kama nanomita 589. Chini yake rangi hazipo. Koti jekundu linageuka kitu cheusi cheusi chenye ukahawia, na hakuna jicho la binadamu linaloweza kulitambua. Mtu huyo huyo akitoka getini chini ya taa nyeupe, koti ni jekundu. Mashahidi wawili, koti moja, na hakuna aliyedanganya.

Halafu mpangaji wako alitoka wapi? Kama alikuwa sebuleni kwenye mwanga mkali, akafungua mlango kuchungulia gizani, macho yake yalihitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Yeye alichungulia sekunde tatu. Pia gizani jicho hupoteza nyekundu mapema, bluu inadumu zaidi. Jambo hilo linajulikana tangu mwanasayansi Purkinje alieleze karne ya 19. Kwa hiyo anaapa kwa dhati juu ya kitu ambacho macho yake hayakuweza kumpa.

Siku ya kupiga picha usibadilishe koti. Badilisha taa. Atakayeitazama mara ya pili ataona kwamba hukumficha chochote.

Mwangwi

Naongezea upande wa sauti, nipite haraka. Risasi mbili na risasi moja pia vinaweza kuwa kweli vyote. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Mlinzi yuko nje, na kuna ukuta mrefu mita 50 kutoka alipo: mlio unaupiga ukuta na kumrudia baada ya theluthi ya sekunde hivi. Kwa mtu aliyeshtuka, hiyo ni risasi ya pili. Aliye ndani ya uwazi wa ngazi mwangwi unamjia umeshikana, anasikia mngurumo mmoja mrefu. Usimwachie mtu wa sauti akisie mwenyewe, andika kwenye skripti kabisa mlinzi amesimama wapi.

Msomaji Mgumu

Ushauri wangu ni mdogo: jasho mpe mlinzi, ambaye hana hatia. Amechoka, amelala kazini, anaogopa kufukuzwa. Mpangaji awe mtulivu, aombe chai, akumbuke hadi saa na dakika. Watu huwaamini wanaozungumza bila kusita.

Meza ya Utetezi

Namuunga mkono Msomaji Mgumu, na nina la kusema kuhusu mpelelezi wako, maana naona umemweka kama dirisha tu, maelezo yanapita kwake bila kuguswa. Nimekaa mahakamani miaka mingi upande wa utetezi. Anayehoji naye anaacha alama zake kwenye ushuhuda.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, Marekani, waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Baadhi waliulizwa mwendo wa magari "yalipopondana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na kioo kilichovunjika. Walioulizwa kwa lugha ya kupondana, asilimia 32 waliviona. Wale wengine, asilimia 14. Sasa hebu fikiria mpelelezi wako anamuuliza binti, "Yule wa koti jekundu alielekea wapi?" Koti jekundu limetoka kwa mlinzi. Kuanzia hapo binti naye analo.

Tena usiwatenganishe mashahidi wako vizuri kiasi hicho. Wakalishe benchi moja wakisubiri kuitwa. Utafiti wa Fiona Gabbert na wenzake wa mwaka 2003 uliwaweka watu wawili wawili wakidhani wametazama mkanda mmoja, kumbe kila mmoja ameona tukio kwa pembe yake. Waliozungumza kabla ya kutoa maelezo, asilimia 71 walitaja angalau jambo moja ambalo hawakuliona kabisa, walilipata kwa mwenzao. Hapo hakuna aliyekula njama. Ni watu wanapiga soga kwenye benchi.

Na likija gwaride la utambulisho, mwache mlinzi asitesite, amguse mtu bega bila uhakika, kisha askari amwambie, "Vizuri, ndiye huyohuyo." Gary Wells na Amy Bradfield walilipima jambo hilo mwaka 1998: watu walichagua mtu kwenye picha ambazo mhusika hakuwemo kabisa, na walioambiwa wamepatia wakaanza kudai kwamba walikuwa na uhakika tangu mwanzo, na hata kwamba walimwona vizuri zaidi. Kwenye filamu hiyo ni sekunde tano tu. Onyesho la mahakamani linalofuata litamtisha mtazamaji kuliko bastola, kwa sababu mlinzi aliyekuwa anasitasita sasa anaapa kama mwamba.

Bibi Taharuki

Wanangu, mmemjazia mwenzenu maabara. Taa, mwangwi, benchi, sawa, nimejifunza. Lakini kama tofauti zote zinatokana na macho na masikio, hiyo ni ripoti ya kitaalamu. Drama iko wapi?

Huwezi kuzungumzia aina hii ya filamu bila kumtaja mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa na *Rashomon* ya mwaka 1950, ambamo kifo kimoja kinasimuliwa kwa namna zinazopingana. Watu wengi husema ni filamu ya watu wanaosema uongo kujiokoa, na hapo ndipo hawajaitazama vizuri. Jambazi anasema yeye ndiye aliyemuua samurai, yaani askari wa Kijapani wa zamani. Mke anaeleza kwa namna inayoonyesha ni kisu chake. Samurai mwenyewe, akizungumza kupitia mpandisha mizimu, anasema alijiua. Watatu, na kila mmoja anajivutia kifo kwake! Hakuna anayekikimbia. Wanachokilinda ni namna wanavyotaka kuonekana: shujaa, aliyeonewa, mwenye heshima.

Sasa wewe muulize mke wa marehemu: kusema mumewe alijiua kunamgharimu nini? Kwa sasa hakumgharimu kitu, ndiyo maana wasomaji wako hawajali. Weka bima ya maisha yenye sharti la kutolipa aliyejiua. Mwanamke ana madeni, anajua akisema "ameuawa" atalipwa, na bado anasema alijiua. Mtazamaji ataacha kuuliza nani kaua na kuanza kuuliza huyu mama anamkinga nani. Na pale chini ya ngazi kuna mtoto, au umesahau?

Kalamu ya Usiku (mleta uzi)

Bibi, shikamoo. Sikuwa nimesahau, ila sikuwa nimethubutu. Hiyo bima naichukua. Taa Moja na Mwangwi, nimeshachora ramani ya jengo. Wakili, benchi limeingia.

Ila bado hamjanijibu kuhusu utapeli. Ushuhuda wa mke nimeuandika kwa picha kamili: mume anaonekana akijielekezea bastola. Ni uongo, na mtazamaji ameuona.

Mkataji Picha

Hilo ni la kwangu, nahariri filamu. Mwaka huohuo wa 1950 mwongozaji Alfred Hitchcock alitoa filamu ya *Stage Fright*. Mapema kabisa kijana mmoja anasimulia mkasa, tunaonyeshwa anachosimulia, na baadaye sana tunajua ilikuwa uongo. Watazamaji wengi waliona wametapeliwa, na Hitchcock mwenyewe alikuja kumwambia mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, kwamba hakupaswa kuifanya mbinu rejeshi ile. Filamu mbili, mwaka mmoja, zote zinaonyesha uongo kwa picha. Kwa nini moja ilisamehewa?

Kwa maoni yangu ni kwa sababu *Rashomon* inakuonya. Inaanza na watu wamejikinga mvua chini ya lango, na mmoja wao anarudia kwamba haelewi. Kisha mashahidi wanakaa wakitazama upande wetu, hakimu haonekani wala hasikiki, wewe ndiye umekalia kiti chake. Mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha hakimu hawezi kulalamika kwamba ameletewa ushahidi wa uongo. Ile nyingine haikumpa mtazamaji kiti hicho, ilimwonyesha tu.

Kwa skripti yako ningefanya hivi. Kila ushuhuda uanze na mdomo unaozungumza, na sauti yake iendelee juu ya picha. Kisha funga kamera mahali alipokuwa shahidi. Mlinzi yuko getini, basi kamera haipandi ngazi hata hatua moja. Mpangaji anaona kwa mwanya wa mlango tu. Halafu anakuja mke, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa chumbani, na ghafla kamera inatuonyesha uso wa mume kwa karibu kabisa. Mtazamaji makini atajiuliza, hiyo picha kaitoa wapi? Hujamtapeli mtu. Umemkamata shahidi mbele ya macho ya kila mmoja, na asiyeona atalaumu macho yake.

Kuhusu kuchoka: usirudie usiku ule mara nne kwa urefu uleule. Wa kwanza mpe wote. Wa pili anzia pale anapotofautiana na wa kwanza. Wa tatu mpe ile picha moja isiyowezekana. Wa nne, binti, usimpe picha hata moja, tubaki na uso wake anavyosimulia. Kwa jinsi watu watakavyokuwa wamezoea kuonyeshwa, kunyimwa kutawakaba koo.

Msomaji Mgumu

Na mwisho? Mimi nataka muuaji. Filamu ya saa mbili inayoniambia "ukweli haujulikani" huwa naona mwandishi alichoka tu.

Mkataji Picha

Mwandishi lazima ajue, hapo tuko pamoja. Asiyejua nani alifyatua hawezi kupanga nani alisimama wapi. Mtazamaji si lazima apewe yote. Mpe jibu moja la uhakika, kwa mfano mke anamkinga nani, lile la pili likae wazi.

Msomaji Mgumu

Jibu moja nitapokea kwa shingo upande.

Meza ya Utetezi

Kabla uzi haujaenda mbali, kuna tundu ambalo nashangaa hatujaliona wote. Daktari wa uchunguzi wa maiti yuko wapi? Mke anasema alijipiga. Bastola ikigusishwa mwilini huacha masizi na kuunguza kingo za jeraha. Ikifyatuliwa umbali wa mita chache, kwa kawaida tundu linabaki halina masizi wala chembe za baruti kuzunguka. Mtu hawezi kujipiga kifuani kwa bastola kutoka mita tatu. Kama muuaji wako alisimama juu ya ngazi akafyatua, maelezo ya mke yanakufa asubuhi yake, na mpelelezi asiyejua hilo atakuwa mjinga wa kuandikwa.

Kalamu ya Usiku (mleta uzi)

Duh. Alisimama juu ya ngazi kweli. Nifanyeje, nimwondoe daktari?

Meza ya Utetezi

Usimwondoe, mlete mapema kabisa, hata kabla ya shahidi wa kwanza. Geuza tukio liwe la kugombania bastola, vifua vimegusana. Jeraha la mguso halitasema kidole kilikuwa cha nani, kwa hiyo daktari atasema kwa ukweli wake wote kwamba linalingana na kujiua na linalingana na kuuawa. Mtu wa koti jekundu anaweza kuwa alikuja kugombana na akaondoka marehemu akiwa hai. Binti anaposema "walikuwa wawili", mpelelezi aandike wanaume wawili, kwa sababu hakumuuliza kama wote walikuwa wanaume, wala kama wote walitoka nje.

Bibi Taharuki

Na hapo mama anaingia chumbani kwa mpelelezi na kusema alijiua. Andika, mwanangu. Ukimaliza rasimu ilete hapahapa tuichane.