Nimeombwa kuongoza idara ya tiba ya familia: nikubali au nibaki kliniki?

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mimi ni daktari wa familia, na chuo ninachofundisha kwa mkataba kinataka niwe mkuu wa idara. Machapisho sina ya maana. Halafu kwenye vikao vya kitivo, mabingwa wa wodini wanatuona sisi watu wa kuandika rufaa tu. Nikikubali, wagonjwa niliowalea miaka yote nawaachia nani? Wenye uzoefu nisaidieni.

Mkongwe: Kubali, ila kliniki usiiache, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Mkuu wa idara asiyeona wagonjwa huishia kufundisha kumbukumbu. Siku hizo ziandikwe kwenye barua ya uteuzi. Ukipewa kwa mdomo, vikao vitazimeza.

Mama Stetoskopu: Machapisho yasikutishe. William Pickles alikuwa daktari wa vijijini Uingereza. Alifuatilia nani kaambukizwa na nani, lini, akatoa kitabu 1939 kilichosomwa na wataalamu wa milipuko ya magonjwa. Julian Tudor Hart naye alikuwa akitibu wachimba makaa Wales alipoandika, 1971, kwamba tiba nzuri huwa adimu palepale inapohitajika zaidi. Utafiti wako uko kwenye foleni ya asubuhi.

Na hao wa wodini wapelekee hesabu ya mtafiti wa huduma za afya Kerr White na wenzake ya 1961: kati ya watu wazima 1,000, kwa mwezi 750 huumwa, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na 1 tu ndiye hupelekwa hospitali ya chuo. Kisha waulize kwa nini mwanafunzi amalize karibu masomo yake yote kwa huyo mmoja. (Kikao kitanyamaza kidogo, ufurahie.)

Kaka Mkuu: Mimi sina haraka hivyo. Idara ina bajeti yake, au inaombaomba idara nyingine? Walimu wa kudumu wapo? Kama ni wewe na katibu muhtasi, hicho si cheo, ni mzigo. Kataa mpaka waajiri.

Mleta mada: Asanteni. Barua nimeisoma tena, kliniki haijatajwa popote, na mwalimu wa kudumu ni mmoja. Nawarudishia na masharti mawili: siku za kliniki kwa maandishi, na nafasi mbili za ajira kabla sijasaini.

Mkongwe: Omba nne, watakupa mbili.