Mrejesho: Nilitaka kuishusha Starlet yangu, sikuishusha

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliomba ushauri: nikate springi za gari yangu ya kwanza, Toyota Starlet (injini 4E-FE, cc 1331), ili ikae chini zaidi, nifunge rimu kubwa na egzosi ya kelele. Wengi mlinikatalia, mkasema nianze na tairi na breki. Nawashukuru kwa dhati.

Fundi wangu wa Unga Limited, hapa Arusha, aliipiga jeki, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi la nyuma. Namba 1413: limetengenezwa wiki ya 14, mwaka 2013! Halikuwa kipara, mimi nililiona zima kabisa, ila alipolibonyeza mpira ukafunguka nyufa. Pedi za breki za mbele zilikuwa nyembamba kama sarafu.

Kuhusu springi alinieleza vizuri. Ukiikata inabaki fupi na inakuwa ngumu zaidi, shokapu inagonga mwisho, na tairi likining'inia springi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Kwa matuta na mawe ya kwetu Moshono, nilielewa hapo hapo.

Basi hela ya rimu imeishia kwenye tairi nne, pedi na shokapu za mbele. Jumapili nimempeleka mama Moshi. Mteremko wa Kikafu, lori mbele yetu likasimama ghafla. Nilikanyaga breki, gari ikatulia imenyooka, usukani haukuvuta upande wowote. Mama alikuwa anaongea, hata hakunyamaza.

Rimu bado nazitaka sana. Zitakuja baada ya bushi za nyuma, ile mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari.