Kuwinda mbwa mwitu na mwongozaji: Alaska, Idaho au Alberta?

Kipara_TX: Wakuu habari za jioni. Niko Texas, nina uraia wa huku, na baridi hii nataka kuwinda mbwa mwitu wale wa kijivu, sio hawa wetu wa madoadoa. Nimebaki na Alaska, Idaho na Alberta kule Kanada. Binamu yangu wa Nairobi naye anataka kuja. Wapi hela haitaenda bure?

Mzee Kobe: Mkuu, Alaska we kama raia hulazimiki kuwa na mwongozaji kwa mbwa mwitu, wanalazimisha kwa dubu wa kahawia, kondoo-mwitu weupe wa Dall na mbuzi wa milimani. Binamu ndo lazima awe naye, sheria ya wageni wa nje. Ila usije ukaenda mwenyewe kisa hukulazimishwa. Kule unashushwa porini na kindege, na siku uliyoruka huruhusiwi kuwinda, unalala kwanza, sasa hali ya hewa ikichafuka unakaa kambini unachezea karata na bili inatembea.

ChuiMweusi: Alberta. Mgeni lazima apitie kampuni ya uwindaji na mi naona ni afadhali, maana kazi yote wanafanya wao. Wanamwaga mizoga ya chambo kwenye ziwa lililoganda kabla hujafika, we unakaa kwenye kibanda chenye hita ya gesi unachungulia kidirisha. Mwongozaji wangu alifungua bolti ya bunduki (kile chuma kinachosukuma risasi ndani) akaifuta mafuta yote ikawa kavu kabisa, anasema kwenye minus 30 yanaganda pini haigongi risasi. Nenda Januari au Februari, manyoya yamejaa. Bunduki unaideklea mpakani, dola 25 za Kanada, karatasi yake inadumu siku 60. Ngozi kurudi nayo Marekani inataka kibali cha CITES (ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini), ulizia mapema!!

Kipara_TX: @ChuiMweusi ulipata?

ChuiMweusi: Walikuja jioni moja giza limeshaingia, nikaishia kuwasikia wakivunja mifupa 😂 Unalipia kukaa mkuu, mnyama ni bahati.

binti_pwani: Ndo maana nasema Idaho. Nenda vuli kuwinda elk (kulungu wakubwa wa kule) na kibali cha mbwa mwitu kiwe mfukoni, akitokea sawa, asipotokea una nyama ya kurudi nayo. Tangu Bunge la Marekani liwatoe kwenye ulinzi wa wanyama walio hatarini 2011 Idaho na Montana vibali sio shida.

Mtu wa Bale: Mi sipendi kabisa hii kitu. Baridi ya 2021/22 waliuawa zaidi ya 20 wa makundi ya hifadhi ya Yellowstone hukohuko Marekani, wametoka tu nje ya mpaka wa hifadhi. Si ubebe darubini uende bonde la Lamar humohumo Yellowstone? Au Ethiopia, uwanda wa Sanetti kule milima ya Bale, mbwa mwitu wa kule unawaona mchana kweupe wakinyatia panya.

Mzee Kobe: Kaulizia kuwinda huyu, sio utalii.

Kipara_TX: Naegemea Idaho, mke kashakataa habari ya minus 30. @binti_pwani hao wa elk wanataka dipoziti kiasi gani, na ikitokea sijaenda wanarudisha?

binti_pwani: Wengi nusu, na hairudi. Soma mkataba kabla hujatuma hata senti.