Tyuna ya mtutu: alama ya 45 ilikuwa kweli au bahati?

Mlengaji wa Menengai (Nakuru)
Hamjambo ndugu zangu. Mimi hulenga shabaha ya mita 50 kwa bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo, na mwezi uliopita nilinunua tyuna, ule uzito unaofungwa kwenye mdomo wa mtutu na kuzungushwa kwa alama. Jumamosi moja nilipiga risasi 5 kwa kila alama ya tano, na kwenye alama ya 45 matundu yakaingiliana hata sarafu ya shilingi 10 ikayafunika yote. Jumamosi iliyofuata, kwa alama hiyo hiyo, yakatawanyika kama mahindi waliyorushiwa kuku. Nilikosea wapi, au chombo hiki ni cha kuwauzia watu matumaini?

Kando ya Ziwa (Kisumu)
Ndugu, kulenga hukukosea; ulikosea kuhesabu. Risasi 5 ni chache mno, kwa sababu bunduki ambayo haikuguswa hata kidogo hutoa kundi zuri la matundu leo na baya kesho kwa bahati tu, na ukijaribu alama nyingi hivyo ni lazima mojawapo ipendeze. Chagua alama 3, upige risasi 20 kwa kila moja, ukizipokezanisha ili upepo na uchovu visipendelee upande. Kisha pima kundi kutoka juu hadi chini, maana hapo ndipo tyuna inapofanya kazi. Risasi moja ikitoka kwa mita 330 kwa sekunde na nyingine 320, ya pili itafika chini zaidi kwa takriban milimita 7, ilhali duara la katikati la shabaha, lile la pointi 10, lina upana wa milimita 10.4 tu. Mtutu hutikisika risasi ikiwa bado ndani. Uzito ukikaa mahali pafaapo, risasi ya polepole, kwa kuwa huchelewa kutoka, huukuta mdomo ukiwa umeinuka kidogo zaidi, na pengo hilo hupungua. Makosa ya kulia na kushoto usiyatwike tyuna. Hapa kwetu huyaleta upepo wa ziwa, na alasiri si wa kutaniwa.

Fundi Mstaafu (Kakamega)
Naongeza mawili. Niliwahi kupoteza wiki 3 nikizishuku risasi, kumbe skrubu ya kufungia ilikuwa imelegea na uzito unajizungusha wenyewe. Bunduki ikiwa tupu, chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye tyuna hadi kwenye mtutu. Ukiona umekatika, umeshajua. La pili, je, risasi za Jumamosi zote mbili zilikuwa za bechi moja, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja? Sisi wa .22 hatujazi baruti wenyewe kama wenzetu wa bunduki kubwa, kwa hiyo huirekebisha bunduki ifuate risasi tulizo nazo, na bechi ikibadilika tunaanza upya.

Mlengaji wa Menengai (Nakuru)
Mzee wangu, nimekagua bunduki na makasha ya risasi sasa hivi: skrubu imekaza, lakini nambari za bechi ni tofauti. Nimetenga risasi 60 za bechi moja kwa alama za 40, 45 na 50. Nitawaletea vipimo Jumamosi jioni.