X-Trail, RAV4 au CR-V za 2003/2004: ipi itaniachia hela ya kula?

Tindo_Kimara: Wakuu salaam. Nina milioni 13, natafuta gari la juu kidogo, naishi Kimara ndani ndani huko, mvua ikinyesha kivitz changu kinageuka mtumbwi. Nimeona X-Trail ya 2004 namba D jamaa anataka 9.5, CR-V ya 2003 anataka 10, na RAV4 ya 2003 mwenyewe kakomaa na 13 yote. Mama watoto anataka RAV4, shemeji anasema X-Trail ni kaburi la mshahara. Naomba mnieleze kila moja inaumwa nini na kuitibu ni shilingi ngapi, zile za "nunua Toyota ulale" nimeshazisikia.

Sugu_wa_Gereji: Nipo gereji mwaka wa 17 huu. X-Trail T30, yaani hiyo ya 2004, ile ambayo mishale ya dashibodi imekaa katikati, inaonewa sana. Ugonjwa wake unaojulikana ni sensa, ya krenki na ya kamu. Gari inatembea freshi, ikishika moto inakuzimia kwenye foleni, ukiiacha ipoe inawaka kama vile haijakufanya kitu. Watu wanabadilisha plagi, koili, pampu ya mafuta, mwisho wanaiuza kwa hasira kumbe sensa. Orijino kwa hapa Dar andaa kama laki na 20 kwa moja, za elfu 35 zipo ila tutaonana tena mwezi ujao. Cha kuogopa ni ikianza kula oili. Injini ya QR20 ikinywa oili na mwenye gari hajui hata stiki ya kupimia iko wapi, cheni ya injini inaanza kupiga kelele asubuhi, ukifika hapo ni injini used, milioni 2 mpaka 2.5 na hela ya ufundi bado.

kobe_mwendo: X-Trail si ndo ile gia boksi yake ikifa unaacha gari gereji unapanda bodaboda?

Sugu_wa_Gereji: @kobe_mwendo hapo mnachanganya. Yenye CVT, ile gia boksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, ni T31, ya kuanzia 2007. T30 otomatiki yake ni ya gia 4 za kawaida, haina makuu. T31 ndo inataka oili yake ya NS-2, mtu anamwaga oili yoyote nyekundu aliyoikuta dukani halafu analaumu Wajapani.

MamaNjiti: Mdogo wangu Tindo ngoja nikupe ya RAV4 maana nimeilia machozi. Yangu ilikuwa inapungua maji ya rejeta kidogo kidogo, huoni hata tone chini. Nikaipeleka kwa fundi mmoja (simtaji) akasema inachemsha kwa sababu ya thermostati, akaitoa akaitupa, akajaza maji ya bomba, akachukua elfu 50 yake. Miezi miwili mbele nikachemsha Mlandizi na watoto ndani ya gari. Kufunguliwa, boliti za silinda hedi upande wa nyuma zinazunguka tu, hazishiki. Kuchonga nyuzi upya kwa tona, gasketi, kusawazisha hedi na ufundi vilinitoka milioni 1 na laki 3, na wakati naanza ilikuwa ni kazi ya boliti tu.

Sugu_wa_Gereji: Dada pole, na huo ugonjwa upo kweli kwenye injini za AZ, ndo za RAV4 ya 2.0. Bloku ni aluminiamu, nyuzi za boliti za nyuma zinachoka, kuleti, yale maji ya rejeta ya rangi, inavuja pale karibu na ukuta wa gari, inakaukia kwenye bloku ndo maana chini huoni kitu. Na kutoa thermostati sio dawa, Dar ina joto lakini injini nayo ina joto lake inalolitaka, ikikosa inakula mafuta na kuchafuka ndani. Halafu Tindo, hizi RAV4 za 2.0 zilizotoka Japani nyingi ni D-4, imeandikwa juu ya kava ya injini. Mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na petroli, zinajaa masizi, sailensa, yaani muungurumo gari ikiwa imesimama, inapanda inashuka, gari inakosa nguvu. Kusafisha ni laki 2 mpaka 3, ila ile pampu ya presha ikifa, used tu usiende na chini ya laki 4. Angalia kibati chenye namba ya modeli: ikianza ZCA ni 1.8 ya tairi mbili, ikianza ACA ni 2.0.

kobe_mwendo: kwa hiyo Toyota nayo inakufa? leo nimeishi kusikia

Otis_Nai: Niko Nairobi, hapa CR-V za huo mwaka bado ziko mob kwa barabara. Injini K20 ni ya cheni na ukiiwekea oili kwa wakati haina stori. Shida ni difu ya nyuma, ukikata kona yote kwa parking inanguruma kama ng'ombe, watu wanauziwa difu nzima Grogan, kule kwa maduka ya spea, na ni oili ya difu tu imezeeka. Weka ile ya Honda yenyewe, lita moja na kidogo hivi, iteremshe uiweke tena baada ya kuendesha kama bado inalia. Kitu ya kuogopa ni kompresa ya AC. Ikijitafuna inasambaza vyuma kwa mfumo wote, ukibadilisha kompresa peke yake mpya nayo inakufa, lazima kondensa na draya pia. Washa AC dakika ishirini kabla ulipe mtu.

MamaNjiti: Na bushi, boljointi na shokapu, hizo gari yoyote ya umri huo kwa barabara ya Kimara weka laki 6 pembeni kabla hujaweka hata pafyumu.

Tindo_Kimara: Mrejesho wakuu. Jana nimeenda kuiona RAV4 asubuhi kabla haijawashwa. Kava imeandikwa D-4, kufungua rejeta maji meupe kama ya kunywa, nikamulika na simu kule nyuma ya injini kuna mchirizi wa kuleti ya rangi ya waridi umekaukia. Nikamwambia milioni 10, akacheka, akasema kuna mtu anakuja na hela saa kumi. Kesho naenda kwa mwenye CR-V, nikakate kona zote uwanjani kwake mpaka anifukuze. Mama watoto nimemwambia RAV4 imeshauzwa.