Tupeane uzoefu: muziki wa elektroniki wa taratibu wenye sauti ya kike, ulikukuta wapi na unakupa nini?

#1, mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Mwaka wa tisa huu nausikiliza muziki huu na sijawahi kupata watu wa kukaa nao tukauzungumza vizuri, ndiyo maana nafungua uzi. Nazungumzia ule muziki wa elektroniki usio na haraka. Kinanda kinashikilia noti moja hadi unasahau kilianza lini, ngoma haipo au ipo mbali kama inapigwa chumba cha pili, na juu yake anaelea mwanamke anayeimba kwa pumzi zaidi kuliko kwa koo. Wengine wanauita ambienti, wengine muziki wa ndoto. Jina si hoja.

Naanza na mimi. Nilikuwa nimefiwa na baba, wiki ya tatu. Mchana nilimudu kwa sababu watu walikuwepo. Kazi ngumu ilikuwa usiku. Redio inaongea, nazima. Nyimbo zote nilizokuwa nazo kwenye simu zilikuwa na mtu anayeniambia jambo: nipende, usilie, jipe moyo, kesho itakuwa njema. Sikutaka kuambiwa kitu na mtu yeyote. Usiku mmoja nimelala sakafuni, hedifoni masikioni, miguu nimeipandisha kitandani, programu ikajirukia yenyewe kwenye wimbo nisioujua. Ulipoisha nikajaribu kukumbuka hata neno moja aliloimba yule mama. Sikulipata. Mtu ameniimbia dakika nne nzima na hajaniambia lolote. Hapo ndipo nilipolia vizuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike mzee.

Baadaye nikajua aliyeimba ni Elizabeth Fraser wa Cocteau Twins, kundi la Uskoti la miaka ya 1980 na 1990. Mara nyingi alichagua maneno kwa jinsi yanavyolia mdomoni kuliko kwa maana yake. Hata Waingereza wenyewe wanamsikiliza wasimuelewe. Nilifarijika sana kujua kuwa si Kiingereza changu kilichokuwa na shida.

Ninachoamini mimi ni hiki: sauti ile inakaa nawe bila kukudai. Kuna yule mtu anayekuja kukupa pole, anakaa pembeni yako na hasemi kitu, na ndiye unayemkumbuka baada ya mwaka. Ni yeye.

Haya, nawe ilikuwaje? Ulikutana nao wapi, unausikiliza saa ngapi, nini hasa kinakushika? Orodha za albamu zije baadaye, kwanza tusimuliane.

#2

Pole mleta mada, hata kama ni msiba wa zamani.

Mimi ni muuguzi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Mtu asiyefanya kazi hii hajui mashine zinavyolia. Dripu ikiisha pampu inalia. Mgonjwa akigeuka, kipimo cha oksijeni kikachomoka kidoleni, kinalia. Kila mlio una maana yake na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kuupuuza. Sasa ukirudi nyumbani masikio hayajui kuwa zamu imeisha, yanaendelea kungoja. Nilikuwa nalala kwa saa mbili tu, nashtuka nimeshakaa kitandani, mguu mmoja uko chini unatafuta kiatu, na hakuna aliyeita.

Huu muziki hauna kitu cha ghafla. Kila sauti inaingia polepole na kutoka polepole. Kwanza nilijaribu ule usio na mwimbaji, ukanipa hisia ya korido tupu saa tisa usiku, nikauacha. Nilipopata wenye sauti ya mwanamke mambo yalibadilika. Nahisi kuna mwenzangu wa zamu amekaa pale mezani, macho yake yako wodini, na mimi naruhusiwa kufumba yangu.

#3

Mleta mada, niruhusu nipite upande wa ufundi kidogo, kwa sababu naupika muziki huu chumbani kwangu na kuna mambo mawili matatu nimeyaona kwa mikono yangu.

La kwanza ni mwangwi. Mwaka 1947 fundi sauti wa Chicago, Bill Putnam, aliweka spika na maikrofoni kwenye choo cha studio, akapitisha muziki wa kundi la Harmonicats humo ili vigae viurudishe. Leo kompyuta inafanya kazi ya kile choo, na inaweza kukijenga kiwe na ukubwa wa bonde. Sasa fikiria akili inavyosoma sauti. Ukisikia mnong'ono, unajua mtu yuko karibu, karibu kabisa na sikio lako. Ukisikia mwangwi wa sekunde sita, unajua mko kwenye jumba kubwa na mtu yuko mbali. Muziki huu unakupa vyote viwili kwa wakati mmoja: anakunong'oneza sikioni, na hapo hapo yuko mwisho wa ukumbi. Macho makavu hayajawahi kuona mahali kama hapo. Ndotoni papo. Kwangu mimi neno "ndoto" katika muziki huu linatokea hapo, halitoki kwenye usingizi.

La pili ni kurundika sauti. Sikilizeni albamu ya Enya ya mwaka 1988, Watermark. Ile kwaya yote ni yeye peke yake, anaimba mstari uleule mara nyingi na prodyuza wake Nicky Ryan anapanga sauti moja juu ya nyingine. Ukinakili sauti moja kwa mashine haiwi vile, inakuwa kubwa tu. Lazima aimbe upya kila mara, akosee kidogo kila mara, na zile tofauti ndogo ndizo zinazofanya sauti imetamete.

Na kwa nini maneno yanapotea? Sehemu ni makusudi, sehemu ni maumbile. Sauti ya mwanamke ikipanda juu sana, irabu zinaanza kufanana. "A" na "o" na "e" zinasogeleana hadi sikio haliwezi kuzitenganisha. Waimbaji wa opera wanalijua hili miaka mingi.

Sasa kisa changu. Anayeniimbia ni dada yangu. Tulirekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti na mablanketi ili chumba kisiingie kwenye maikrofoni, naye akaimba tabaka kumi na nne za mstari mmoja. Alitoka humo jasho linamtiririka. Usiku huo nikakaa nafuta pumzi zote, kila mahali alipovuta hewa kabla ya kuimba, moja baada ya nyingine, hadi alfajiri. Nilitaka iwe safi. Asubuhi nikamwekea asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kaka, huyu ni nani?" Ikanichoma. Nikarudi kwenye kompyuta nikarudisha pumzi, si zote, kama nane hivi, hasa ile ya kwanza kabisa kabla hajaanza. Akarudi kuwa yeye. Tangu siku hiyo nikisikiliza wimbo wa mtu naanza kwa kuzitafuta pumzi.

#4

Nitasema tofauti kidogo na naomba nisieleweke vibaya.

Niliwahi kuugua sonona. Miezi mingi nilisikiliza muziki huu tu, pazia zimefungwa, kuanzia asubuhi hadi usiku. Mleta mada amesema haukudai kitu, na ni kweli kabisa. Ila mimi wakati ule nilihitaji kudaiwa. Nilihitaji kitu cha kunitoa kitandani, cha kunifanya nipige simu hata moja. Muziki huu uliniruhusu kubaki pale pale, na palikuwa pazuri, ndiyo hatari yake. Walionitoa ni daktari na mdogo wangu ambaye hakuchoka kugonga mlango, na katika nyimbo, zilikuwa zile zenye ngoma.

Siuchukii. Nimeurudia. Lakini nausikiliza jioni, albamu moja, na dirisha liko wazi. Kama kuna mtu anapitia nilipopitia na anasoma hapa, angalia usije ukahamia humo.

#5, mleta mada

Mkuu #4, nimekusoma mara mbili na sina la kupinga. Kwangu ulikuwa mlango wa kulilia, kwako ukawa chumba cha kujifungia. Nashukuru umelisema wazi. Tuendelee.

#6

Masikio yangu yanalia, na sisemi kwa mfano. Kuna mlio mwembamba, wa juu, kama wa mbu aliyeganda, haujawahi kukatika mwaka wa tano sasa. Mchana nausahau. Nikizima taa unajaza chumba.

Daktari wa masikio aliniambia ukimya ndio unaoupa nguvu, nisilale kwenye ukimya mtupu. Akapendekeza sauti ya mvua au ya feni. Mvua nilidumu nayo mwezi, ikanichosha, kwa sababu haiendi popote. Huu muziki unaenda mahali, ila kwa mwendo wa mawingu. Nimejifunza kipimo: sauti iwe chini kidogo kuliko mlio wenyewe, usiufunike, uchanganyike nao. Kwenye nyimbo fulani mwanamke anashika noti ya juu kabisa, ndefu, na inakutana na mlio wangu huko huko unakoishi. Kwa sekunde chache siwezi kusema kipi ni kipi. Nimeuchukia mlio huu miaka mitano, na sekunde zile ndizo pekee ninapousikia kama sehemu ya wimbo.

#7

Nami niongeze moja tu: usiusikilize ukiendesha gari usiku. Nilisimama pembeni ya barabara siku moja nikagundua sikumbuki kilomita kumi zilizopita. Tangu hapo garini ni marufuku.

#8

Nina mtoto wa miezi minne, nipo macho saa hizi kwa sababu yake.

Nilipokuwa mjamzito nilisoma kuhusu utafiti wa DeCasper na Fifer wa mwaka 1980. Watoto waliozaliwa siku chache tu walipewa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na kinasa sauti, na namna walivyonyonya ndiyo iliamua waisikie sauti ya nani. Walibadilisha unyonyaji wao ili wamsikie mama yao badala ya mama mwingine. Maana yake walishamzoea kabla. Na kule ndani mtoto hasikii maneno vizuri, anasikia mdundo na mpando wa sauti kupitia maji na nyama, bila kingo. Siku nilipolisoma hilo nikasema, basi ndiyo huu muziki! Mwanamke anaimba nyuma ya ukuta laini, huelewi anachosema, na mapigo ya moyo chini.

Na sidhani nimewaza peke yangu. Kundi la Massive Attack walipotoa wimbo wa Teardrop mwaka 1998, aliyeimba ni huyo huyo Elizabeth Fraser wa mleta mada, biti yake inadunda kama moyo, na kwenye video anayeonekana akiimba ni mtoto aliye tumboni.

Wangu ananyamaza nikimwimbia mwenyewe. Spika anaipuuza. Lakini nimeona kuwa nikiuweka muziki huu chini, nami nikavumisha juu yake bila maneno, tunalala wote.

#9

Mimi mgeni kabisa. Naanzia wapi? Naomba chache, zisiwe hamsini.

#10, mleta mada

Karibu sana. Anza na albamu ya Heaven or Las Vegas ya Cocteau Twins, 1990, hiyo ina jua ndani yake na haitakulaza. Kisha The Magic Place ya Julianna Barwick, 2011, karibu yote ni sauti yake tu anaizungusha na kuirundika hadi inakuwa kama kanisa lisilo na paa. Björk, Vespertine, 2001, kama unapenda vitu vidogo vidogo vinavyochakarika chini ya sauti.

Ukitaka mzizi, rudi kwa Brian Eno, Music for Airports, 1978. Kuna kipande cha sauti za binadamu tupu, wanawake watatu na yeye mwenyewe. Kila noti ilikuwa kwenye mkanda wake unaojirudia, mmoja kila sekunde 23 na nusu, mwingine karibu 26, mwingine karibu 30, kwa hiyo hazikutani vilevile. Mikanda ilikuwa mirefu mno, ikazungushwa kwenye viti vya alumini pale studioni. Nakipenda sana kipande kile. Nikikisikiliza naviona vile viti.

Mwisho Ruins ya Grouper, jina la kisanii la mwanamke mmoja, Liz Harris, 2014. Hiyo ni piano na sauti karibu tupu, ilirekodiwa kwenye nyumba huko Ureno. Mkuu #2, nakutahadharisha wewe hasa: umeme ulikatika kwa dhoruba wakati anarekodi, uliporudi maikrowevu ikalia, naye akauacha ule mlio ndani ya albamu.

#11

Ni mimi muuguzi wa #2. Nimetoka zamu asubuhi hii nikaiweka hiyo Ruins, nimeshajua kuwa mlio upo ila sijui uko wapi.

Ulipolia nilikuwa nusu usingizini. Mkono ulinyanyuka wenyewe, nilihisi vidole vinatafuta kitufe cha kuzima mlio. Kisha muziki ukaendelea. Nikauangalia mkono uko hewani, nikaurudisha chini ya shuka. Nimeamka sasa hivi, saa tisa alasiri.